Nilivyoutafuta uyoga wa matumbawe msituni Amani

Amani, juu ya Muheza, watu wengi hupanda kwa ajili ya ndege na vinyonga. Mimi nilifuata uyoga usio na kofia, matawi matupu yanayochipuka kwenda juu. Aliyekulia Tanga na kutembea miambani maji yakipwa, umbo hilo analijua.

Nilichagua mwezi wa tano, masika yakielekea ukingoni. Mvua kubwa huvunja matawi na jua hukausha ncha, kwa hiyo siku nzuri ni ile ambayo mvua imekatika jana na majani ya chini bado yameloa. Hata hivyo nilitembea sana bila kuona kitu, mpaka mzee aliyekuwa akiniongoza akasema, "Mwanangu, chuchumaa. Huo hautafutwi kwa kusimama." Nikapiga magoti kando ya gogo lililooza, na kweli, ulikuwepo: vichaka vya rangi ya maziwa, urefu wa kidole, na siafu wakipita karibu (angalia unapoweka goti).

Kuna uyoga mwingine unaochanganya macho, Xylaria. Nao husimama kama vidole juu ya mti mkavu, ila ni mweusi na mgumu ukiubana. Spora zake, yaani chembe za kuzaliana, hukaa ndani ya vitundu vidogo sana, wakati uyoga wa matumbawe huzibeba juu ya ngozi ya matawi yenyewe. Lenzi ya mkononi inatosha kuviona vile vitundu.

Picha ya kutoka juu haisaidii kitu. Laza simu chini, upige ubavuni, kisha ncha kwa karibu, kisha pale shina linapotokea. Kuota kwenye udongo au kwenye mti ni jambo la kwanza utakaloulizwa na anayeujua uyoga.

Kilichobaki ni rangi ya spora. Ndani ya hifadhi huchumi ovyo bila kibali, basi mmoja wa udongoni, wenye matawi mengi yaliyolala pembeni, niliusogezea kipande cha kioo chini ya tawi na kukifunika kwa jani pana kuzuia matone. Asubuhi kilikuwa na vumbi la manjano iliyoiva. Clavulina, jenasi nyingine ya uyoga wa matumbawe, ingeacha weupe, kwa hiyo daftarini niliandika jina la jenasi, Ramaria, tu. Jina la pili, la spishi, linataka darubini.