Siku ya 12 na watoto wa jongoo bahari

Jamani, leo wamegeuka! Saa tisa usiku, jicho kwenye hadubini, tone moja la maji kwenye kioo, na ndani yake kipipa kidogo cha rangi ya kahawia kinazunguka kama pia. Juzi tu kiumbe huyuhuyu alikuwa bapa, angavu kama glasi, kingo zimejikunja mfano wa sikio, na tumbo unaliona limejaa mwani tuliomlisha. Wataalamu humwita aurikularia. Akishakuwa kipipa, anaitwa doliolaria, na hali chakula tena. Kazi yake ni kutafuta mahali pa kutua.

Simshangai kabisa Johannes Müller, yule mwanasayansi Mjerumani aliyekokota wavu mwembamba baharini kule kisiwani Helgoland, Bahari ya Kaskazini, miaka ya 1840. Alipata lava, yaani mtoto mchanga, wa jamii hii pana ya jongoo bahari na nyota wa bahari, akampa jina kana kwamba ni mnyama wa aina yake. Nani angedhani ni mtoto?

Tanki letu la kwanza lilikufa. Walipenya kopepodi, vijidudu vidogo vya majini, wakala chakula chote, nikalia kweli. Safari hii kila ndoo ya maji tumeichuja.

Naijali kazi hii kwa sababu jongoo wa mchangani tuliowazoea utotoni siku hizi unatembea bamvua nzima humwoni. Asubuhi hii tumewawekea vibao vilivyopakwa mwani. Wawili wameshashika, nimewaona wakitoa vishikio vitano mdomoni. Siendi kulala.