Kumbe ni sauti ya mtu mmoja!
Jana usiku nimekaa na mwanangu tunaangalia katuni za Winnie the Pooh zile za zamani, ghafla nikashtuka, hii sauti mbona naijua? Kucheki, kumbe ni Sterling Holloway, yule yule aliyekuwa Kaa, joka la katuni ya The Jungle Book ya 1967! Jamani. Huyu mzee kazaliwa Georgia, Marekani, 1905, miaka kibao kwenye muvi anapewa vipande vidogo tu, mara tarishi mara muuza soda, mpaka 1941 Disney wakampa sauti ya yule korongo wa katuni ya Dumbo na hapo ndo sauti yake ikapata kwao. Laini, ina mkwaruzo kidogo. Kwa Pooh unatamani umkumbatie, kwa Kaa mwili unasisimka. Mtoto kalala zamani, mimi bado narudisha pale Kaa anapombembeleza yule mtoto Mowgli asinzie.