Siku moja kwenye meza ya unga unaometa

Saa moja asubuhi madirisha yanafungwa na feni haiguswi. Kwenye karakana ndogo ya vipodozi hapa Dar es Salaam, unga hupimwa mapema kabla joto halijapanda na watu hawajaanza kutaka upepo. Unga huo ni maika, madini yenye vipande bapa vinavyometa, nao hupeperuka kirahisi mno. Mtu akipita haraka karibu na mizani, unga uliokuwa kwenye bakuli unahamia kwenye nyusi zake. Barakoa inayochuja vumbi huvaliwa muda wote, kwa sababu vipande hivi vikifika kwenye mapafu haviyeyuki.

Wengi wanadhani kazi hii ni kumwaga vitu vinavyometa kwenye mafuta. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya siku ni kupima, kusubiri na kuosha vyombo.

Saa mbili, glosi ya midomo. Bechi ya kilo moja ina besi (mafuta mazito ya glosi) gramu 940, maika 40, ladha 10, vitamini E 5 na rangi nyekundu ya oksaidi ya chuma iliyosagwa kwenye mafuta 5. Maika haimwagwi yote kwenye besi kwa mkupuo, maana inaganda madonge makavu ndani na hayo hayatoki tena. Gramu 40 zinaloweshwa kwanza kwa gramu 80 hivi za besi na kukandwa kwa mwiko wa silikoni hadi ziwe uji mzito usio na chenga. Besi iliyobaki inapashwa kwa mvuke wa maji hadi nyuzi 60 ili ilegee, ndipo uji unaingizwa taratibu. Koroga polepole, mwiko usitoke juu ya mafuta. Ukipiga kwa nguvu unaingiza hewa, na viputo kwenye glosi nzito hukaa siku nzima.

Kitu cha kushika hapa ni kwamba mng'ao unatoka kwenye umbo la chembe. Kila chembe ni kipande bapa cha maika, kama gamba la samaki, kilichopakwa safu nyembamba ya titaniamu dayoksaidi au oksaidi ya chuma. Safu ya titaniamu dayoksaidi ya nanomita 50 hivi inatoa rangi ya fedha. Ikinenepa inakuja dhahabu, kisha nyekundu, kisha buluu, na kijani huwa karibu na 140. Ukizisaga unavunja magamba, mwanga hauna tena uso wa kupiga, na unabaki na unga wa kijivu ulioulipia bei ya lulu. Ndiyo maana blenda inatumika kwa rangi zisizometa tu. Oksaidi za chuma zinahitaji kusagwa sana ili zisiache michirizi, kwa hiyo zinatangulia. Maika inaingia mwisho, kwa mkono.

Saa nne, hailaita ya kugandamiza, yaani unga wa kung'arisha uso unaoshindiliwa kwenye kisahani. Kwa gramu 100: maika ya dhahabu 60, serisaiti (maika laini isiyometa sana) 22, magnesiamu steareti (unga wa kusaidia kushikana) 5, mafuta ya kushikisha 12 (dimethikoni, mafuta ya silikoni, ndiyo nyingi humo) na kihifadhi 1. Mafuta hunyunyizwa kidogo kidogo huku ukigeuza unga. Kipimo chake ni vidole: ukifinya, alama ibaki bila kubomoka. Yakipungua, kisahani kinapasuka ndani ya pochi ya mteja. Yakizidi, uso wake unakuwa mgumu na unateleza, na brashi haichukui kitu. Presi hushushwa mara mbili. Ya kwanza ni nyepesi ya kutoa hewa, ya pili nzito, na kitambaa kinawekwa juu ya unga. Baadaye kisahani kinadondoshwa kwenye ubao kutoka sentimita 30, mara tatu. Kikibaki kizima, kinapita.

Saa sita kasoro anaingia mteja, mpamba maharusi. Ana kicheni pati, kamati nzima sare ni buluu, anataka na midomo iwe buluu inayometa. Amekuja na kopo lake.

"Fundi, nimepunguza gharama. Unga huu hapa, nimeupata dukani."

Kopo ni la unga wa kuchanganya na epoksi, ile ya kutengenezea meza. Halina orodha ya viambato, halina namba ya bechi.

"Si maika vilevile?"

Huenda ni maika kweli. Tatizo ni rangi iliyopakwa juu yake, ambayo hakuna aliyeipima kama ina sumu ya madini ya risasi au aseniki kwa sababu meza hairambi midomo. Anaelezwa, anaitikia, kisha anauliza kama ungetiwa kidogo tu.

Anaonyeshwa buluu yetu mbili. Ya kwanza imekolea, ila lebo ina namba CI 77510, yaani buluu ya Prashia. Sheria ya Marekani inairuhusu kwenye kope na ngozi ya nje, lakini si midomoni, nasi tunafuata hivyohivyo. Ya pili ni maika na titaniamu tu, buluu yake inatokana na unene wa safu. Anaipaka kwenye karatasi nyeupe.

"Mbona huu mweupe? Unaniuzia chokaa?"

Basi hapo ndipo mchana wote ulipoishia. Kwenye karatasi nyeupe buluu hiyo karibu haionekani, kwa sababu karatasi inarudisha mwanga wote na kuifunika. Ikipakwa kwenye kadi nyeusi, inawaka. Kwenye mgongo wa mkono wake inawaka pia, maana ngozi nyeusi ndiyo kadi yenyewe. Bado anarudi kwenye karatasi. Anapiga picha, anamtumia bibi harusi, bibi harusi anajibu kwamba ni nyeupe. Tunarudia kwenye mkono, anapiga picha nyingine, kisha anaomba iongezwe fedha "ing'ae zaidi". Fedha inarudisha mwanga mweupe, na kwenye midomo ya hudhurungi inaacha majivu. Kwa wateja wetu dhahabu na shaba zinakubali kuliko fedha, sijui tutalisema hili mara ngapi.

Tulikubaliana maika ya buluu asilimia 5 na oksaidi nyeusi ya chuma iliyosagwa, gramu 2 kwa kilo, ili besi iwe na giza la kuibeba buluu. Kisha mjadala wa bei. Kisha kwa nini ile maika ya kutengenezwa, fluoroflogopaiti, ni ghali kuliko ya mgodini. Ni safi zaidi, haina uchafu wa chuma unaoipa umanjano, na haihusiki na machimbo ya Jharkhand kule India au ya kusini mwa Madagaska, ambako watoto wanaokota maika. Alitaka ya bei ndogo.

Chakula kililiwa kikiwa kimepoa, saa ngapi haijulikani.

Jioni ni kuosha. Brashi kavu kwanza, kisha kitambaa chenye mafuta, kisha sabuni, mwisho spiriti. Ukianza na maji, maika inasambaa na kung'ang'ania kila kona, na kesho bechi nyeupe inatoka na vidoa vya shaba. Kwa sababu hiyohiyo rangi nyepesi hutengenezwa kwanza na shaba mwisho. Mirija miwili ya glosi inaingia kwenye kabati la majaribio la nyuzi 45 kwa wiki kadhaa. Ingawa unga wake hupeperuka, chembe ya maika ni nzito kuliko mafuta, na besi ikilegea kwa joto inazama chini, juu inabaki glosi tupu. Dar haihitaji kabati kulijua hilo, ila rekodi inalihitaji.

Saa mbili usiku, ujumbe: "Fundi, tukiweka asilimia 15?" Asilimia 15 inanyonya mafuta ya besi, glosi inakuwa lami inayokwaruza na brashi haitoki kwenye mrija. Amejibiwa 6, na bei ya 6.