Nilivyopata vyeti vya polisi vya nchi mbili kwa ombi la ukaazi wa Kanada

Nilipoomba ukaazi wa kudumu wa Kanada kupitia mfumo wa Express Entry, ambao huwapa waombaji alama na kuwaalika wenye alama za juu kuwasilisha ombi, cheti cha polisi, yaani hati inayoonyesha kama mtu ana rekodi ya uhalifu, kilinishughulisha kuliko karatasi nyingine zote. Sharti lenyewe ni kwamba mwombaji alete cheti kutoka kila nchi ambamo ameishi miezi 6 au zaidi mfululizo katika miaka 10 iliyopita, tangu alipotimiza umri wa miaka 18. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nilisomea shahada ya uzamili Marekani, na baada ya kurejea nyumbani nilikuwa nikienda Dar es Salaam kikazi mara kwa mara. Kwa hiyo, kabla ya kugusa fomu yoyote, nilizitoa pasipoti zangu, ya zamani na ya sasa, nikaorodhesha kila muhuri wa kuingia na wa kutoka. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo iliyonionyesha kwamba Tanzania haimo, kwa kuwa hakuna safari hata moja iliyofikia nusu mwaka, na orodha hiyohiyo ndiyo niliyoitumia kujaza historia ya miaka 10, ambayo haitakiwi kuwa na pengo.

Ukishapata mwaliko wa kuomba, una siku 60 tu za kuwasilisha ombi kamili. Wengi huanza kutafuta vyeti siku ya mwaliko. Kwa maoni yangu huko ni kujitia presha bila sababu, maana masharti ya tarehe si mamoja kwa nchi zote. Cheti cha nchi unayoishi sasa kinapaswa kuwa kimetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kuwasilisha ombi, ilhali cha nchi uliyokwisha kuihama kinatakiwa tu kiwe kimetolewa baada ya mara ya mwisho kuishi huko. Hii ina maana kwamba cha Marekani kingeweza kutafutwa mapema na kukaa kwenye kabati kikisubiri, na cha Kenya ndicho kilichohitaji kupimiwa wakati. Nikaanza na cha mbali.

Kanada haipokei barua ya polisi wa jimbo au wa mji ulikosoma. Inataka rekodi ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, inayotafutwa kwa alama za vidole. Nilijaza ombi kwenye mtandao, nikalipa dola 18, kisha nikachukuliwa alama kwa wino kwenye kadi ya FD-258, ambayo hutumwa kwa posta hadi Clarksburg, West Virginia, pamoja na uthibitisho wa ombi. Hatari kubwa hapa ni alama hafifu, kwa sababu kadi isiyosomeka hukataliwa na safari ya posta huanza upya. Joto la Mombasa si rafiki wa wino: kidole chenye jasho huacha doa badala ya mistari. Nilienda asubuhi na mapema, nikaosha na kukausha mikono vizuri, na nikamwomba afisa anijazie kadi zaidi ya moja ili nitume zote. Kadi ina sehemu ya majina mengine, nami niliandika kila namna jina langu lilivyowahi kuandikwa, kwani sisi wa Pwani tunajua jinsi jina la baba linavyoweza kuwa na m moja kwenye kitambulisho na mbili kwenye cheti cha shule. Majibu yalikuja kwa njia ya mtandao, yakisema kwamba hakuna rekodi ya kukamatwa.

Cha Kenya nilikiomba nilipoona alama zangu za ushindani zinakaribia kiwango cha kuitwa. Maombi ya cheti cha tabia njema, kama cheti cha polisi kinavyoitwa Kenya, hufanyika kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ada ikiwa shilingi 1,050, na fomu ya C24, ya kuwekea alama za vidole, huchapishwa pande zote mbili za karatasi moja. Ukiichapa kwenye karatasi mbili utarudishwa. Alama za vidole huchukuliwa kwenye vituo vya Huduma Centre au makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Kiambu Road jijini Nairobi, kwa hiyo mtu wa Mombasa hana haja ya kupanda treni kwenda Nairobi. Wakala mmoja alijitolea kunifanyia yote kwa malipo makubwa, lakini alama za vidole haziwezi kutolewa na mwingine, na nikaona sababu ya kumlipa haipo.

Vyeti vyote viwili nilivikagua tarehe na majina, kisha nikavipiga skani kwa rangi kutoka kwenye nakala halisi. Niliongeza barua fupi ya kueleza safari za Dar es Salaam, yenye tarehe za mihuri, ili afisa asijiulize kwa nini hakuna cheti cha huko. Sikutaka kuacha jambo likisiwe, kwa kuwa atakayeonekana ametoa maelezo ya uongo au ameficha jambo la msingi anaweza kufungiwa kuomba kwa miaka 5.

Mume wangu, ambaye atabaki Mombasa kwa muda kusimamia duka, alidhani haya hayamhusu. Kanada humchunguza mwenzi wa ndoa na watoto wategemezi waliofikisha miaka 18 hata kama hawasafiri na mwombaji, kwa hiyo naye alijaza C24 yake na kwenda kupakwa wino.