"Huyo dada yako yuko Ulaya ya wapi?"

Barua ya kampuni ya intaneti imeingia leo: kuanzia Aprili bili inapanda. Sasa hivi nalipa pauni 34 kwa mwezi, na najua mlioko nyumbani mshapiga hesabu, ni zaidi ya laki. Ningelipa nikanyamaza kama ningekuwa napata kitu cha maana. Ninachopata ni megabiti 6 kwa sekunde kukiwa na jua, na huku Uingereza jua lenyewe mnajua. Mvua ikinyesha hata hizo 6 sizioni.

Jana jioni naongea kwa video na mdogo wangu, yuko Mwanjelwa, Mbeya, kwenye steshenari yake. Yeye anaonekana mpaka vumbi lililo juu ya mashine ya fotokopi. Mimi ndiye niliyeganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Kuna mwanachuo alikuwa amekuja kuprinti kazi yake, nikamsikia anauliza kwa sauti, "Huyo dada yako yuko Ulaya ya wapi?" Duka zima likacheka. Na mdogo wangu naye akacheka, mtoto niliyemlipia ada.

Nimehamia kijijini kwa sababu ya kazi ya kutunza wazee, karibu na mpaka wa Wales. Nilipokuwa natafuta intaneti niliambiwa nitaunganishwa na faiba, ule waya wa nyuzi za kioo unaopitisha intaneti kwa mwanga. Neno hilo nalijua tangu Mbeya, nikasaini mkataba wa miezi 24 bila kuuliza. Kumbe faiba inafika kwenye kabati la kijani lililoko barabarani huko, halafu kutoka kwenye kabati mpaka nyumbani kwangu ni waya wa simu wa shaba, wa zamani, unaopita juu ya nguzo katikati ya miti. Ni kama kuambiwa kuna lami mpaka mlangoni, halafu basi linakushusha Uyole, linakwambia endelea na bodaboda kwenye tope. Aliye karibu na kabati anaweza kupata megabiti 80. Kadiri waya unavyorefuka ndivyo kasi inavyopungua, na nyumba yangu ni ya mwisho kabisa, baada yangu ni kondoo.

Ukipiga simu huduma kwa wateja wanakwambia zima ruta, subiri, washa. Nimezima, nimewasha, mpaka kitufe kimelegea.

Aliyenisaidia ni mzee jirani, fundi simu mstaafu. Sikumwita. Alinisikia nikilalamika dukani, jioni akaja na bisibisi yake. Akafungua mfuniko wa soketi ya simu ukutani, ndani yake kuna soketi nyingine ndogo iliyojificha, akachomeka ruta humo. Kisha akanionyesha kijiwaya kimoja, akasema hicho kilikuwa cha kupigia kengele ya simu za kizamani, siku hizi kazi yake ni kukusanya kelele tu na kuvuruga laini. Akakichomoa. Kasi ikatoka 4 ikafika 6. Ndiye aliyenieleza pia kwamba sehemu nyingine waya si shaba hata kidogo: shaba ilipopanda bei wakaweka alumini, na maungio yakiingia maji ndiyo basi tena. Hela alikataa. Alikunywa chai ya maziwa, akasema kali, akaongeza kikombe. Waingereza wana vituko vyao, lakini mzee yule Mungu ambariki.

Ila tuseme ukweli, kwa nini huku wamechelewa? Kwa sababu waya wa shaba ulikuwepo tayari, kila nyumba, hadi kwenye mashamba ya kondoo. Mtu mwenye kitu kinachofanya kazi kidogo hana haraka ya kununua kingine. Ripoti ya Ofcom, mamlaka yao ya mawasiliano, ya mwaka 2024 ilisema faiba kamili, inayofika hadi ndani ya nyumba, inapatikana kwa karibu nyumba 7 katika kila 10. Sisi tuko kwenye zile 3. Kwetu je? Simu ya mezani mtaani kwetu alikuwa nayo nani? Ya mwalimu mkuu, ya parokiani, na ya yule mwenye magari. Na waya wa shaba nyumbani haukusubiri kuzeeka, wajanja waliukata wakaenda kuuza kwa kilo. Mkongo wa Taifa, njia kuu ya faiba ya nchi, ulipoanza kujengwa mwaka 2009 na kupita Mbeya kwenda Zambia kupitia Tunduma, na Malawi kupitia Kasumulu, hapakuwa na cha zamani cha kuonea huruma. Mdogo wangu amevutiwa faiba dukani moja kwa moja. Simu ya mezani hajawahi kuishika maishani.

Msinielewe vibaya, sisemi Mbeya ni Korea. Mama yuko Rungwe, yeye ni bando na mnara, na ukungu ukishuka tunaongea kwa vipande. Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika nchi nzima ilitambaa. Na Oktoba 2025, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa, nikakaa siku kadhaa sijui mama yangu kaamkaje. Siku zile megabiti 6 zangu nilizitazama kwa jicho jingine.

Kinachoniumiza zaidi kipo kazini. Wazee ninaowahudumia wengi wanaishi peke yao, shingoni wamevaa kitufe cha dharura. Bibi akianguka anabonyeza, kitufe kinapiga simu kituoni kupitia laini ya simu ya mezani. Sasa mtandao huo wa zamani wa simu unazimwa. Mwisho ulikuwa uwe Desemba 2025, wakasogeza hadi Januari 2027. Walisogeza kwa sababu nzuri: kuna watu walihamishiwa simu za kidijitali na vitufe vyao vikagoma, mpaka Desemba 2023 serikali ikakubaliana na makampuni wasimame kwanza kuwahamisha watu kwa lazima. Simu mpya inategemea ruta, na ruta inategemea umeme. Bibi mmoja ninayemwogesha asubuhi aliniuliza, "Mpenzi, umeme ukikatika, nikianguka nani atasikia?" Nilimwambia aombe betri ya akiba, nikaandika kwenye daftari lake ili mwanawe aione wikendi. Mwanawe hakuja wikendi hiyo. Nimepiga mwenyewe, betri wataleta.

Mnaoniandikia inbox kila siku "dada nifanyie mpango wa kutunza wazee": mlango ule wa kuajiri watunzaji kutoka nje ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Anayekwambia leo anao, tena anataka milioni kadhaa kwanza, ni tapeli, hata kama mnasali naye. Waliobaki na njia nyingine, wauguzi na wanafunzi, karibuni, ila kabla ya kulipa kodi ya nyumba chukua postikodi yake uiingize kwenye tovuti ya Ofcom, utaona kasi gani inaweza kufika pale. Usiulize kama kuna faiba, watakujibu ipo. Uliza faiba inaingia ndani ya nyumba au inaishia kabatini. Mwenye nyumba akianza kukusifia bustani, hama.

Ukishaingia mkenge kama mimi, pima kasi asubuhi na usiku, kompyuta ikiwa imeunganishwa kwenye ruta kwa waya, uandike. Kampuni nyingi zimesaini utaratibu kwamba kasi ikishuka chini ya kiwango walichokuahidi na wakashindwa kurekebisha ndani ya siku 30, unatoka kwenye mkataba bila faini. Pia kama nyumba haiwezi kupata megabiti 10, una haki kisheria tangu Machi 2020 kuomba ufikishiwe, na gharama isipozidi pauni 3,400 wewe hutoi hata senti ya ujenzi. Hiyo haipo kwenye barua ya kupandisha bili, niliisoma mbele na nyuma. Fomu nimeshajaza, inataka viambatisho vya megabaiti nyingi, kwa hiyo kesho nikitoka zamu napitia maktaba ya mjini kuituma.