Kaye ya siku ya yenga

Leo yenga (wiki) ya 11 tangu nianze sindano ya ugonjwa wa sukari, semaglutidi. Nimekaa ku baraza, joto ya mwezi wa kumi hapa Lubumbashi mnaijua, mawingu yanatisha tu na mvua hainyeshi, kaye, ni kusema daftari, iko juu ya magoti. Ni kaye ya masomo ya mtoto, kurasa za nyuma zilibakia tupu nikazinyanganya.

Munganga (daktari) njo alinianzishia hii mambo ya kuandika. Akasema mama, hii semaglutidi si kama vidonge vyako vya kila asubuhi, ukipiga leo, siku 7 zikipita bado karibu nusu iko mu damu, kwa hiyo ya wiki hii inakutana na ya wiki iliyopita, zinapandana hivyo wiki 4 au 5 ndipo zinatulia. Tulianza na miligramu 0.25 kwa wiki 4, ya kuzoesha tumbo tu, kisha 0.5. Lakini mimi wiki ya kwanza nilikuwa nimekwisha kuhukumu: glisemi (sukari ya damu) 180 na kitu, nikasema basi mtoto wa dada yangu amenibebea maji mu thermos toka Johannesburg, na bei ile!

Mistari ya mwanzo ni ya uvivu. Tarehe, kipimo, tumbo kushoto. Tumbo kuume. Paja. Unabadilisha pahali, basi. Utamu wa kaye ulianza ku kichefuchefu. Yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) akipika sombe, majani ya muhogo, na mafuta ya ngazi (mawese) mimi ninatapika, nikamwambia mbele ya watu sombe yako inaniua, akanuna siku tatu. Halafu nikarudilia kurasa nikaona karibu kila mara ni siku ya pili au ya tatu ya sindano, hata ile siku nilikunywa uji tu. Nikaenda kuomba pole. Hata hivyo bukari (ugali) kubwa ya usiku inazidisha kabisa, sababu dawa inachelewesha chakula mu tumbo, unalala nayo kama umebeba jiwe. Sasa ninamega kidogo, yaya ananiangalia kwa jicho moja.

Kuna pia mstari wa 62. Saa tano ya asubuhi, jasho, mikono inatetemeka, nikajipima: 62. Nikakunywa chai ya sukari mbio. Munganga kuona kaye hakulaumu sindano, aliuliza kile kidonge chako cha sukari, glibenklamidi, unakunywa ngapi, akaikata nusu. Sindano yenyewe peke yake si rahisi ikuangushe hivyo, ila ikikutana na kile kidonge sukari inaweza kushuka sana. Bila ule mstari ningemwambia tu "nilijisikia vibaya siku moja", na yeye angeandika nini?

Yenga ya 8 kulikuwa kilio ku komine ya Katuba, nikalala kule, sindano nikasahau. Nikakumbuka siku ya tatu, nikapiga, kwani kama siku 5 hazijapita unapiga, zikipita unaacha unangojea siku yako. Mara mbili kwa pamoja, hapana.

Kuran (umeme) nayo, si ya kutegemea! Peni ya sindano yenye nimefungua inavumilia wiki 6 nje ya frigo kama joto haipiti 30, tarehe ya kuifungua nimeibandika juu kwa plasta. Ile haijafunguliwa inataka frigo, 2 mpaka 8, na isigande, ikiganda unatupa. Kwa hiyo iko kwa jirani mwenye jenereta, mu mlango wa frigo, mbali na barafu, na kila mara nikienda kuichungulia ananiuliza mama umekonda hivi, uko na shida gani, wanakulisha kweli? Huku kwetu kukonda ni habari mbaya. Nilichoka kueleza, sasa ninacheka.

Wiki hizi nimeongeza alama mbili, T ni njaa ya tumbo, M ni njaa ya macho. Siku ya sita na ya saba T zinarudi, hiyo ninaelewa, dawa imepungua. Lakini M! Nilifikiri sindano itaziua zote, kumbe M zinakuja na watu, ku kilio, ku harusi, jirani akikaanga karanga.

Leo: 0.5, paja ya kuume. Glisemi ya asubuhi 121. T moja, M moja, ni karanga. Nilizikula.