Kumbukumbu ya filamu yangu fupi: kamera ya kwanza imepatikana

Wiki ya 1

Skripti imekamilika. Kurasa nne, watu wawili, meza moja, taa moja. Kaka na dada wanazozana kwa kunong'ona kwa sababu mama yao amelala chumba cha pili. Ukurasa huhesabiwa kama dakika moja hivi, kwa hiyo nina filamu ya dakika nne na sina kamera.

Nimechora jedwali la kamera kumi na moja, nikazipanga kwa 4K (video yenye nukta nyingi zaidi), ukubwa wa kihisi (kipande kinachopokea mwanga) na uzito. Jedwali linapendeza macho tu. Kila jioni kamera inayoongoza ni nyingine.

Wiki ya 2

Nimelifunga jedwali, nimerekodi onyesho zima kwa simu nikiigiza na dada yangu. Picha haikuwa mbaya hata kidogo. Kilichoniudhi ni kwamba simu inajiamulia mambo: dada akisogea karibu na taa, picha yote inafifia katikati ya sentensi, akirudi nyuma, inang'aa tena. Tena ukutani kulikuwa na mistari ya giza inayopanda taratibu. Hiyo ni kazi ya taa. Umeme wa hezi 50 huifanya taa ipandishe na kushusha mwanga mara 100 kwa sekunde, na shata (muda ambao kila picha ya video inapokea mwanga) isipolingana nayo ndipo mistari inapojitokeza. Kwa fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 ya sekunde, inatoweka. Penye umeme wa hezi 60, shata ya 1/60 ndiyo inayofaa. Nikapata programu inayoniruhusu kufunga shata na mwanga, na mambo ya picha yakatulia.

Sauti ndiyo iliyoniangusha. Simu ikiwa mita mbili kutoka mezani, unasikia kwanza friji, halafu kiti, halafu mwangwi wa kuta, na mwisho kabisa sisi wawili. Nikaazima simu ya pili, nikaificha nyuma ya kikombe irekodi sauti peke yake, nikapiga kofi moja mwanzoni ili nipate pa kuoanishia wakati wa kuhariri. Picha ni ileile, lakini dada alipotazama aliniuliza kamera mpya nimeitoa wapi.

Wiki ya 3

Kwa hiyo masharti ni mapya: tundu la maikrofoni la milimita 3.5, tundu la hedifoni, na kila kitu kiwe kinafungika kwa mkono, yaani shata, ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga), rangi ya mwanga na kiwango cha sauti. Kumi na moja zikabaki tatu. Tundu la hedifoni ndilo lililofyeka nyingi. Canon EOS M50 ya mwaka 2018 nilikaribia kuichukua kwa ajili ya kioo chake kinachogeuka, ila hedifoni haipokei, na ukirekodi 4K inakata sehemu kubwa ya picha pembeni. Mshale wa sauti unaocheza kwenye kioo haunitoshi. Hauniambii kama kinachoingia ni mnong'ono au friji.

Kuhusu 4K nimepoa. Ni nukta milioni 8.3 kwa kila fremu badala ya milioni 2 za 1080p, yaani HD ya kawaida, na kwa megabiti 100 kwa sekunde saa moja inakula gigabaiti 45. Kompyuta yangu itagandaganda hadi nizeeke. Nitaitumia kwenye kipande kimoja tu, kile kinachoonyesha barua, ambacho nataka kukivuta karibu wakati wa kuhariri.

Wiki ya 4

Nimechukua Panasonic Lumix GH4 iliyotumika, ya mwaka 2014. Kihisi chake ni kidogo na ndani hakina cha kutuliza mtikisiko, lakini filamu yangu yote iko kwenye stendi ya miguu mitatu. Kabla ya kulipa nilichomeka maiki na hedifoni, nikazitikisa waya nikisikiliza kama sauti inakatika. Kisha nikarekodi dakika moja lenzi ikiwa imefunikwa, kutafuta nukta zinazowaka gizani. Lenzi ni moja tu, ya milimita 25 yenye f/1.7 (f ni uwazi wa lenzi: namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi).

Kuna onyesho moja la nje, saa sita mchana, na hapo nilifanya hesabu mapema. Jua kali kwa ISO 100 na shata ya 1/50 linadai f/22. Mimi nataka f/2.8 ili ukuta wa nyuma ulainike, na toka f/22 hadi f/2.8 ni hatua sita, kila hatua ikiongeza mwanga mara mbili. Kwa kuwa shata siigusi, lazima kichujio cha ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, cha hatua sita. Kimeingia kwenye orodha ya manunuzi kabla ya begi.

Wiki ya 5

Jaribio la kwanza kamili. ISO 1600 ni safi kwa macho yangu. 3200 ina chengachenga kwenye vivuli. Maiki nimeining'iniza juu ya meza, nje kidogo ya fremu. Tumecheza onyesho mara sita, na ya tano ndiyo dada aliyoiweza hasa, hadi nikasahau kuwa naigiza.

Zote sita hazina sauti. Maiki ina swichi yake na betri yake, na sikuiwasha. Nayo ikishachomekwa, maiki ya ndani ya kamera inazimika. Hedifoni nilikuwa nazo, shingoni. Tunarudia Jumamosi.